Msumeno wa meza usio na splita haujakamilika

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niwafikie mafundi seremala wenzangu, wenye karakana, wauzaji wa mashine na wakufunzi wa vyuo vya ufundi kuhusu kifaa kidogo ambacho ni nadra kukiona katika karakana zetu hapa Kisumu, iwe ni Kibuye, Kondele au Nyalenda. Kifaa hicho ni splita, yaani kile kibamba chembamba kinachosimama wima nyuma ya bledi ya msumeno wa meza, katika mstari mmoja nayo, ili mbao iliyokwisha kupasuliwa isijifunge tena na kuibana bledi. Misumeno mingi ya hapa kwetu imeundwa na wachomeaji wetu wenyewe bila kifaa hicho. Ile inayotoka ng'ambo ikiwa nacho, mara nyingi huvuliwa mapema, na splita ikaishia chini ya meza pamoja na spana zilizochakaa. Ninachotaka kueleza ni kwamba splita inaweza kufungwa katika karibu msumeno wowote, hata uwe wa miaka mingi, kwa gharama isiyomshinda fundi wa kawaida, ila lazima ipimwe na kunyooshwa kwa uangalifu. Na kwamba anayeuza, anayefundisha na anayekagua mashine hizi hana sababu ya kuuhesabu msumeno usio na splita kuwa umekamilika.

Niruhusu nianze na kinachotokea mbao inapopita. Meno ya upande wa mbele wa bledi hushuka, na kwa kushuka huigandamiza mbao juu ya meza, jambo ambalo ni jema. Meno ya upande wa nyuma hupanda kutoka chini ya meza, na hayo ndiyo yenye hatari. Mbao ikienda sawa, meno ya nyuma huzunguka ndani ya mpasuo bila kugusa kitu. Lakini mbao ikipinda kidogo, au mpasuo ukijifunga, au kipande kilicho kati ya bledi na fensi, yaani ule mwongozo ulionyooka ambao mbao huegemezwa inapopita, kikayaegemea meno hayo, basi kipande hicho huinuliwa, hupanda juu ya bledi na kurushwa kwa aliyesimama mbele ya mashine. Mota ya kawaida ya stima yetu ya hezi 50 huzunguka kama mara 2,850 kwa dakika. Bledi ya inchi 10 ikizunguka kwa kasi hiyo, ncha za meno yake hukimbia karibu kilomita 136 kwa saa, na wapo mafundi wanaoiongeza zaidi kwa kufunga puli kubwa kwenye mota na ndogo kwenye shafti. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuizuia mbao iliyoshikwa na kasi hiyo, wala mtu anayeweza kuikwepa kabla haijamfika tumboni au kifuani. Lililo baya zaidi ni kwamba mbao hairuki peke yake. Mkono uliokuwa umeilaza juu ya meza huweza kuvutwa pamoja nayo kuelekea kwenye bledi, na ndivyo fundi ambaye hakuwa ameviweka vidole vyake karibu na meno hata kidogo hujikuta amekatwa.

Hatari hii ni kubwa zaidi kwetu kwa sababu ya mbao tunazozipasua. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, karakana nyingi za magharibi ya Kenya zilizidi kutegemea miti ya mashambani, hasa mikaratusi na grevilea kutoka Vihiga, Kakamega na Siaya, na hata baada ya Rais kutangaza mnamo Julai 2023 kwamba marufuku hiyo imeondolewa, mazoea hayo yamebaki. Miti hii hukatwa ikiwa michanga, hupasuliwa ikiwa mibichi, na huletwa sokoni kabla haijakauka. Mkaratusi hasa hukua ukiwa na mvutano ndani yake: sehemu za nje za gogo zimevutika na sehemu za moyo zimebanwa, na msumeno unapoutenganisha ubao, nguvu hizo hufunguka papo hapo. Ubao uliokuwa umenyooka juu ya meza huanza kujikunja ungali unapasuliwa. Mara nyingine pande mbili huachana, na hilo halina madhara makubwa. Mara nyingine hukutana nyuma ya bledi na kuibana.

Aliyewahi kupasua ubao wa mkaratusi wa inchi 6 kwa 2 kwa urefu wake wote anazijua dalili. Futi ya kwanza hupita vizuri na vumbi hutoka jeupe. Baadaye sauti ya mota hushuka, mkanda huanza kulia kwenye puli, harufu ya moshi hupanda, na ukitazama kingo za mpasuo utaona mstari mweusi pale bledi inapousugua ubao bila kuukata. Ukitazama kwa makini zaidi utaona pia mikwaruzo iliyojipinda kama sehemu ya duara, na hiyo ni alama ya meno ya nyuma yaliyokwisha kuanza kuugusa. Hapo imebaki hatua moja tu. Katika karakana moja jirani na yetu, ukuta wa mabati ulio upande wa mbele wa mashine una tundu lililotobolewa na kipande cha mbao, na kimo cha tundu hilo ni kimo cha mbavu za mtu mzima.

Desturi yetu ya kupambana na jambo hili ni kumweka mwanagenzi nyuma ya meza akiwa na kabari. Mpasuo ukianza kujifunga, anaichomeka kabari kisha anauvuta ubao kwa mikono yote miwili. Sitaki kuidharau desturi hiyo, kwa kuwa waliotufundisha kazi waliitumia na kabari kweli huufungua mpasuo. Lakini tuangalie inamweka wapi kijana huyo. Mkono wake hupita juu au kando ya meno yale yale yanayopanda, na mbao ikirushwa akiwa ameishika, yeye ndiye anayevutwa kuelekea kwenye bledi. Aidha, kabari huingia baada ya mpasuo kuanza kubana, ilhali splita huwa imekwisha kuingia tangu sentimita za mwanzo, kabla ubao haujapata nafasi ya kujikunja. Na jioni mwanagenzi akishakwenda nyumbani, fundi aliyebaki na oda ya vitanda au fremu za sofa hupasua peke yake bila kabari wala mtu wa kuichomeka.

Katika nchi zinazotengeneza misumeno hii kwa wingi, suala hili si geni. Uingereza iliiweka splita katika kanuni zake za mashine za mbao, zikiwemo zile za 1974. Marekani ilichukua njia ndefu zaidi: kwa miaka mingi misumeno ya huko iliuzwa na splita iliyounganishwa na kifuniko cha bledi kwa namna iliyowaudhi watumiaji, wakazifungua na kuziweka kando, na kutokana na hali hiyo ikastawi biashara ya splita za kununuliwa peke yake na kufungwa baadaye. Zipo za kampuni ya Micro Jig, ambazo ni vipande vidogo vinavyosimama katika matundu yaliyotobolewa kwenye kile kibao kinachoizunguka bledi, na zipo za Biesemeyer, ambazo ni za chuma na hushikwa na kibano kilicho chini ya meza. Ni baada ya 2008 ndipo misumeno mipya ya huko ilipoanza kuja kwa kawaida na splita inayopanda na kushuka pamoja na bledi. Vifaa hivyo vinafaa katika mashine vilivyokusudiwa. Fundi wa Kibuye akiviagiza kwa ajili ya meza iliyochomelewa hapa kwa anglaini (chuma chenye umbo la pembe) na bamba la chuma, atapokea kitu kizuri ambacho hakina pa kushikia. Ndiyo maana naona njia inayotufaa ni kuiunda splita kwa mchomeaji wa mtaani, tukifuata vipimo vile vile wanavyovifuata watengenezaji wa ng'ambo.

Kipimo cha kwanza, na ndicho kinachokosewa kuliko vyote, ni unene. Bledi ina unene wa aina mbili: unene wa bamba lenyewe, na unene wa meno, ambayo hutokeza kidogo kila upande ili bamba lisisugue mbao. Upana wa mpasuo hufuata meno. Splita inapaswa kuwa nene kuliko bamba na nyembamba kuliko mpasuo. Ikiwa nyembamba kuliko bamba, ubao utaibana bledi kabla haujaigusa splita, na kazi yote itakuwa bure. Ikiwa na unene sawa na mpasuo au zaidi, ubao utakwama, fundi atausukuma kwa nguvu, na kusukuma kwa nguvu karibu na bledi inayozunguka ni hatari nyingine. Chukua kipande cha mbao kikavu, kipasue nusu, zima mashine, kisha upime mpasuo kwa venia, kile kipimio cha kupimia unene mdogo. Usitegemee maandishi yaliyo kwenye bledi, kwa maana bledi iliyonolewa mara nyingi huwa imepungua. Kwa mfano, mpasuo ukiwa milimita 3.2 na bamba likiwa milimita 2.2, bati la geji 12 (geji ni namba ya unene wa bati; namba ikipanda, bati huwa jembamba zaidi), ambalo lina unene wa takriban milimita 2.6, linakaa vizuri katikati. Kwa bledi nyembamba yenye mpasuo wa milimita 2.4 na bamba lisilofika milimita 2, geji 14 ndiyo itakayofaa. Kipande cha kutosha hupatikana katika mabaki ya wachomea milango na mageti, na wapo wanaokikata kutoka kwenye bledi kuukuu ya inchi 14, jambo ambalo ni sawa mradi venia ikubali.

Kipimo cha pili ni umbali kutoka kwenye meno. Ukingo wa mbele wa splita ukatwe kwa kufuata duara la bledi, na nafasi iliyo kati yao iwe ndogo: miongozo ya Ulaya hutaka isizidi milimita 8, na isiwe chini ya milimita 3 ili bledi isije ikaigusa. Njia rahisi ni kuilaza bledi juu ya kadibodi, kuchora mzingo wake, kisha kuchora mzingo wa pili ulio nje yake kwa milimita 5, na kumpa mchomeaji kiolezo hicho. Ukingo huo wa mbele ulainishwe kwa faili pande zote mbili ili ubao uingie bila kushikwa na kona. Kimo kiwe chini kidogo ya jino la juu kabisa, kiasi cha milimita moja au mbili, kwa sababu nitakayoieleza baadaye.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sijalisikia likizungumzwa kwetu na ambalo ndilo linaloamua kama splita itafaa au la, nalo ni mahali pa kuifunga. Misumeno yetu ya kuchomelewa ina maumbo mawili. Katika umbo la kwanza shafti na beringi zake hazisogei, na meza pia haisogei. Bledi hubaki katika kimo kimoja maisha yote. Huo ndio msumeno rahisi kuliko wote kuufungia splita, kwa sababu ikishafungwa mara moja umbali wake hautabadilika. Kwa hakika mashine hiyo tunayoiona duni inaweza kupata bila shida kile ambacho watengenezaji wakubwa walikipata kwa kubuni mitambo chini ya meza. Katika umbo la pili, shafti haisogei lakini meza ina bawaba upande mmoja na huinuliwa au kushushwa kwa skrubu ndefu ili kubadilisha kina cha mkato. Hapa ndipo wengi watajaribiwa kuichomelea splita kwenye meza, kwa kuwa meza ndiyo iliyo karibu na inayoonekana. Wakifanya hivyo, kila meza inapoinuliwa splita nayo itapanda na kuiacha bledi chini, nafasi kati yao itapanuka, na fundi atakuwa na chuma kinachosimama mbali na mahali ubao unapoanza kubana. Splita ifungwe kwenye fremu inayobeba beringi za shafti, ipite katika ufa wa meza, na meza iachwe ipande na kushuka ikiizunguka. Ikishikamana na kile kinachoishika bledi, uhusiano wake na bledi hautaharibika hata meza iwekwe katika kimo gani.

Mshikio wake uwe kipande cha anglaini chenye matundu mawili marefu, si ya duara, na bolti mbili zenye washa za springi. Bolti moja haitoshi hata ikazwe vipi: splita itazunguka juu yake siku itakaposukumwa na fundo la mti, na ncha yake itaingia katika meno. Matundu marefu yanahitajika kwa sababu bledi hupungua kipenyo kila inaponolewa, na kwa sababu karakana nyingi hubadilishana bledi za inchi 10 na 12 kwenye shafti moja; splita iliyopangwa kwa ya inchi 12 itakuwa mbali mno na ndefu mno kwa ya inchi 10, na haina budi kusogezwa, au kuwe na splita mbili.

Kabla ya yote hayo, chomoa plagi ukutani. Kuizima swichi pekee hakutoshi, na sote tunajua jinsi stima inavyokatika na kurudi bila taarifa. Wengi wa mashine zetu hazina swichi ile inayobaki imezimika umeme unaporudi, kasoro ambayo nayo ingestahili barua yake.

Kunyoosha huanza na bledi na fensi, wala si na splita. Tia alama ya chaki kwenye jino moja, lizungushe kwa mkono hadi mbele, pima umbali wake hadi kwenye fensi, kisha lizungushe jino hilo hilo hadi nyuma na upime tena. Kutumia jino moja kunaondoa udanganyifu wa bledi iliyopinda. Vipimo hivyo viwili vilingane. Tofauti ya nusu milimita ni kubwa mno, na ikiwa upande wa nyuma ndio mwembamba, basi fensi yenyewe inausukuma ubao kwenye meno ya nyuma na hakuna splita itakayoponya hilo. Legeza beringi au fensi mpaka visomeke sawa. Hapo tu ndipo uilete splita. Laza rula ndefu ya chuma ikigusa meno ya mbele na ya nyuma ya upande mmoja, uone mwanga ulio kati ya rula na splita, kisha uhamie upande wa pili. Mianya miwili ikiwa sawa, splita iko katikati ya mpasuo. Isipokuwa sawa, ongeza vibati vyembamba nyuma ya mshikio upande mmoja; vipande vya kopo la soda vinatosha. Kagua pia kwa skwea kwamba splita imesimama wima, kwani iliyolala kidogo itapita chini na kukwama juu. Mwisho, chukua kile kipande cha mbao ulichokipasua nusu, kipitishe juu ya bledi kwa mkono, mashine ikiwa bado haina stima, mpaka mpasuo uifikie splita. Ukiingia bila kusugua upande wowote, kaza bolti.

Mwenye msumeno wa dukani ulio na kibao cha kuchomoka kinachoizunguka bledi anaweza kuanza na splita ya mbao, nayo haihitaji mchomeaji. Tengeneza kibao kipya cha mbao ngumu, mvule kwa mfano, kibane mezani kwa klampu na fensi, kisha uipandishe bledi taratibu ikiwa inazunguka mpaka ijikatie ufa wake yenyewe. Ufa huo uendelezwe nyuma kwa msumeno wa mkono, na ndani yake kigundishwe kijiti chembamba cha mbao ngumu kilichorandwa mpaka kiwe nyembamba kidogo kuliko mpasuo. Nyuzi za kijiti hicho zisimame wima. Zikilala zitavunjika ubao wa kwanza utakapozigonga, na kipande kilichovunjika kitaangukia kwenye meno. Splita ya namna hii haipandi na bledi, hivyo haifikii ile ya chuma niliyoieleza, lakini inashinda kutokuwa na kitu.

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza ni kwamba splita hushika mbao na kuchelewesha kazi. Splita inayoshika mbao ni nene mno au haijanyooka, na tiba yake ni venia na rula, si kuitupa. La pili lina uzito zaidi: wapo wanaochimba mifereji ya paneli za milango kwa msumeno huo huo, mkato ambao hauutobowi ubao hadi juu, na splita ndefu huuzuia ubao usipite. Ndiyo sababu nilisema kimo chake kiwe chini kidogo ya jino la juu. Ikiwa hivyo, na ikiwa imeshikwa na fremu ya shafti, mfereji utachimbwa bila kuigusa. Aliye na splita ya kibao itambidi akibadilishe kibao kwa kazi hiyo, kisha akirudishe, na kukirudisha ndiko kunakosahaulika.

Wala nisieleweke kana kwamba splita ni kinga ya kila kitu. Haimzuii mtu kuvipeleka vidole vyake kwenye meno ya mbele. Kwa hilo tunahitaji kifuniko juu ya bledi na kijiti cha kusukumia. Haimwokoi anayekata kipande kifupi kwa upana huku akikiegemeza kwenye fensi, kwa kuwa kipande hicho huzunguka na kurushwa kabla hakijaifikia. Nchini Marekani, ambako wengi wa watumiaji wana mashine bora kuliko zetu, makadirio ya serikali ya mwaka 2015 yalionyesha majeruhi zaidi ya 30,000 waliotibiwa kwa dharura hospitalini kutokana na misumeno ya meza, na sehemu kubwa yao walikatwa na bledi. Natoa takwimu hiyo ili ieleweke kwamba mashine hii inadai kinga zote kwa pamoja, na splita ni mojawapo ambayo sisi tumeiacha kabisa.

Kisheria hakuna utata. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka sehemu hatari za mashine zikingwe, na inamgusa pia anayeunda, anayeingiza nchini na anayeuza mashine, si mwajiri peke yake. Kanuni mahususi za mashine za mbao zimekuwepo nchini tangu 1959. Mfanyakazi akikatwa, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, nayo ya 2007, inamwajibisha mwajiri. Hata hivyo karakana za jua kali hazifikiwi kwa urahisi na wakaguzi, na pale wanapofika, nadhani maswali juu ya kizima moto na sanduku la huduma ya kwanza huulizwa mapema kuliko swali la kilicho nyuma ya bledi. Ningependa maafisa wa usalama kazini waje na rula na venia, wamwonyeshe fundi kasoro ilipo, na wampe muda wa kuirekebisha kabla ya kumtoza faini, kwa maana kufunga splita ni kazi ya siku moja na faini haimfundishi mtu kupima unene.

Kwa vyuo vya ufundi vya kaunti, na kwa wanaoandaa mitihani ya useremala ya NITA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, ombi langu ni dogo. Mtahiniwa anapopewa msumeno wa meza, aukute splita imefunguliwa na kuwekwa kando, na alama za kwanza azipate kwa kuifunga, kuinyoosha na kueleza kwa nini geji ile imechaguliwa kwa bledi ile. Kijana aliyefanya hivyo mara chache chuoni hatakubali kusimamishwa nyuma ya meza na kabari atakapokuja kwetu kujifunza kazi.

Na kwa wachomeaji wanaotuundia mashine, ambao ustadi wao nauheshimu, naomba kitu kimoja: mnapochomelea viti vya beringi, ongezeni hapo hapo kipande cha anglaini chenye matundu mawili marefu nyuma ya bledi, hata kama mteja hajakiomba. Fundi yeyote anayetaka kuona splita iliyofungwa kwenye msumeno wa meza ya bawaba anakaribishwa katika karakana yetu, upande wa maseremala hapa Kibuye, siku yoyote ya kazi, na kiolezo cha kadibodi cha bledi ya inchi 10 na cha inchi 12 ataondoka navyo bila malipo.

Fundi seremala,
Kibuye, Kisumu